Voltimita Haipimi Nguvu: Kujitengenezea Dainamomita ya Vigari vya Sloti

*"Naishi Uingereza na kila wiki nashindana na vigari vya sloti, yaani vigari vidogo vya umeme vinavyofuata mfereji wa njia, vya kipimo cha 1/32 ya gari halisi, kwenye klabu ya mtaani kwetu. Ninavyo viwili vya umbo moja na giya moja, 9 kwa 27 (meno 9 kwenye mota, 27 kwenye ekseli). Kimoja kina mota iliyoandikwa mizunguko 18,000 kwa dakika, kingine 25,000. Nimejitengenezea dainamomita, kifaa cha kupima nguvu ya mota: kipande cha bomba la alumini juu ya beringi, na ubavuni mota ndogo niliyoifanya jenereta. Nasoma volti kwa multimita. Kile cha 25,000 hutoa volti nyingi zaidi kila mara, lakini kwenye njia kinashindwa na cha 18,000. Usomaji wa asubuhi na wa jioni haulingani, na nikiacha sumaku ya chini ya kigari mahali pake, mota inapata moto haraka. Nimekosea wapi? Naweza kupata kipimo cha kweli cha nguvu bila kununua mashine ya bei kubwa?"*

Ndugu yangu, kifaa chako ni kizima na kinapima vizuri, ila kinachopima si nguvu. Kinapima kasi.

Jenereta ambayo upande wa pili haina kitu ila multimita haibebi mzigo wowote wa maana, kwa sababu multimita huvuta mkondo mdogo mno. Volti zake hupanda na kushuka kufuata mizunguko tu. Kwa hiyo kila ulipoweka kigari juu ya bomba, swali uliloliuliza lilikuwa hili: kipi kinazungusha kitu chepesi kwa kasi zaidi kikiachwa kikimbie bure? Jibu lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye mota zenyewe.

Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawaujui. Mota ikipikwa na joto mpaka sumaku zake zikalegea, kasi yake bila mzigo huongezeka. Mota inapozunguka huzalisha ndani yake volti inayopingana na ile unayoipa, na ndiyo inayoizuia kukimbia bila kikomo. Sumaku zikidhoofu, volti hiyo ya upinzani hupungua, basi mota inabidi izunguke haraka zaidi ndipo ifikie volti 12 zako. Mota iliyochoka inaweza kukupa volti nyingi kuliko ilipokuwa mpya, nawe ukaisifu kwamba imezoea kazi.

Sasa tuone nguvu yenyewe inakaa wapi. Mota ndogo hizi zina tabia iliyonyooka: torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni kubwa kabisa mota ikiwa imeshikwa isizunguke, kisha hupungua sawasawa kadiri kasi inavyopanda, mpaka inafika sifuri kwenye ile kasi ya juu iliyoandikwa kwenye boksi. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni torki mara kasi. Kwenye ncha zote mbili ni sifuri, kwani upande mmoja kuna torki bila mwendo na upande wa pili kuna mwendo bila torki. Kilele kiko katikati, kwenye nusu ya kasi ya juu. Chukua mota ya mizunguko 18,000 yenye torki ya kusimama (ikiwa imeshikwa) ya gramu-sentimita 100, kiasi cha kawaida kwa vigari hivi. Kilele chake ni wati 4.6 hivi, kwenye mizunguko 9,000. Ukiisoma inapokimbia bure kwenye 18,000, unaisoma mahali ambapo haina cha kukupa.

Je, ndiyo maana kile cha 25,000 kinashindwa? Si lazima, na hapa nataka twende polepole. Watu hupenda kusema mota ya mizunguko mingi haina torki. Kama mota mbili zina sumaku zilezile na tofauti yao ni koili tu, ile ya mizunguko mingi, yenye nyuzi chache na nene zaidi, ina torki kubwa pia ya kusimama. Gharama yake ni mkondo. Inavuta ampea nyingi, na kama chanzo cha umeme cha klabu, kidhibiti cha mkononi au viungo vya njia havina uwezo wa kuzipitisha, volti zinaanguka kabla hazijafika kwenye mota. Sababu ya pili ni tairi kushindwa kuishika njia. Ya tatu ni giya. Kwa 9 kwa 27 na tairi la kipenyo cha milimita 20, mota ya 18,000 inaishia mita 6.3 kwa sekunde na ile ya 25,000 mita 8.7. Njia ya klabu yenye kona nyingi haikupi nafasi ya kuifikia kasi hiyo ya pili hata siku moja, basi mota inafanya kazi muda wote katika eneo la mkondo mwingi na joto jingi. Ipi kati ya hizi tatu ndiyo yako, dainamomita ya kweli itakuonyesha.

Njia za kuijenga ziko kadhaa. Ya zamani kuliko zote ni breki ya mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony, ya mwaka 1821: unabana shafti kwa vipande vya mbao, unafunga mkono wenye uzito, unasoma kani. Ilipima mashine kubwa za zama zake vizuri, lakini kwa wati nne ni kazi ya kukera. Msuguano mkavu hushika na kuachia, na kigari kizima kinatetemeka.

Njia ya pili ni kuongeza kitu kimoja kwenye ulicho nacho: rezista ya omu 10 kwenye nyaya za jenereta. Ukisoma volti 6, rezista inakula wati 3.6. Hapo umeanza kupima nguvu, lakini ni ile iliyofika kwenye rezista tu. Jenereta imekula sehemu yake njiani, na mota ndogo ikigeuzwa jenereta huwa mlafi. Inafaa kulinganisha kigari na kigari, jenereta ikiwa ileile na joto lilelile. Isichukuliwe kuwa wati halisi.

Ya tatu ni nzuri zaidi ila inadai mikono mizuri: rola na jenereta vyote vinaning'inia kwenye beringi za nje ili mwili wa jenereta uwe huru kugeuka, na mkono wa sentimita 5 uliofungwa kwenye mwili huo unakandamiza mizani ya sonara. Torki yote inayopita kwenye jenereta, pamoja na ile inayopotea ndani yake, inatokea kwenye mizani. Kigari chako kingeonyesha gramu sabini hivi, kiasi kinachosomeka bila taabu. Nyaya za jenereta ziwe laini mno, la sivyo unapima ugumu wa waya.

Mimi ningekushauri uanze na ya nne, ya inesha. Haina breki, jenereta wala mizani. Unakipa kigari kitu kizito cha kuzungusha, na unapima muda.

Kanuni yake ni fupi. Ukijua inesha ya kitu kinachozunguka, yaani ukaidi wake wa kubadili mwendo, na ukajua kasi yake inaongezeka kiasi gani kila sekunde, ukizidisha hivyo viwili unapata torki. Zidisha torki kwa kasi, unapata wati. Bomba lako la alumini ni jepesi mno kwa kazi hii. Kigari cha gramu 80 chenyewe, kama tairi zingeshika, kingefika karibu na kasi yake ya juu ndani ya nusu sekunde, na mwendo wa haraka hivyo hauachi nafasi ya kupima kwa utulivu. Tunataka mzigo unaofanana na kilo moja.

Chukua diski ya chuma ya kipenyo cha sentimita 10 na unene wa milimita 8. Ina uzito wa karibu nusu kilo. Ifunge kwenye shafti moja na rola ya plastiki ngumu ya kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 5, na kigari kikae juu ya rola. Kwa kuwa diski ina nusu-kipenyo mara mbili ya rola, tairi linauhisi mzigo huo kama kilo moja na kidogo, na mbio nzima inachukua sekunde saba hivi. Shafti ya milimita 8 inaingia moja kwa moja kwenye beringi namba 608, zile za viatu vya magurudumu, zinazopatikana kila mahali. Zioshe grisi ya kiwandani na utie tone la mafuta mepesi.

Kuhesabu mizunguko, tia kihisi cha mwanga na alama moja tu kwenye diski. Moja, narudia. Ukiweka alama nne ambazo hazikugawanyika sawa kabisa, grafu yako itajaa meno ambayo si ya mota. Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta, inasoma muda kwa hatua za maikrosekunde 4, na kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, ambayo ndiyo mwisho wa rola hii kwa mota ya 18,000, mzunguko mmoja unachukua maikrosekunde 25,000. Usahihi huo unakutosha na kubaki. Kama hutaki elektroniki, simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde inakupa picha sita kwa kila mzunguko hata kwenye kasi hiyo, nawe unahesabu kwa jicho. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Hesabu yenyewe ni hivi. Inesha ya diski na rola kwa pamoja ni 0.00067 katika kilo mara mita za mraba. Tuseme rola imetoka mizunguko 1,200 kwenda 1,300 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Ongezeko hilo ni radiani 10.5 kwa sekunde (mzunguko mmoja ni radiani 6.28), yaani kasi ingeongezeka kwa 42 kila sekunde inayopita. Zidisha kwa inesha, unapata torki ya 0.028 nyutoni-mita kwenye rola. Kasi ya katikati, 1,250, ni radiani 131 kwa sekunde. Nguvu ni wati 3.7. Hizo ni wati zilizofika kwenye tairi, baada ya giya na ekseli kuchukua ushuru wao, na ndizo zinazokuhusu. Usihesabu kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata, maana makosa madogo ya muda yanakuwa makubwa ukitafuta tofauti. Chukua mizunguko kumi kwa pamoja, au pitisha mkunjo laini juu ya nukta zote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloharibu vipimo vingi kuliko yote: tairi kuteleza. Giya ya 9 kwa 27 inazidisha torki ya mota mara tatu, na kwenye tairi la milimita 20 mota yetu ya mfano inasukuma kwa kani inayokaribia nyutoni 2.9 pale mwanzoni. Uzito wa nyuma wa kigari cha gramu 80 ni labda gramu 45, ambazo hazifikii nusu nyutoni. Hata tairi lishike vizuri namna gani, kani ya nyutoni 2.9 haiwezi kupita kwenye mguso huo. Ukibonyeza umeme wote kutoka kusimama, tairi linazunguka bure juu ya rola, na grafu yako inapima mpira wa tairi huku wewe ukiandika jina la mota. Kwenye njia, sumaku ya chini ndiyo inayoongeza uzito wa bandia kwa kuvutwa na reli za chuma. Mezani hakuna reli.

Dawa yake ni kuweka uzito juu ya ekseli ya nyuma, na kuanza mbio kwa nusu ya volti hadi rola ishike mwendo ndipo ufungue zote. Utajuaje uzito gani unatosha? Rudia mbio ileile ukiongeza gramu 50 kila mara. Grafu ikipanda, ulikuwa unateleza. Ikigoma kupanda, umefika, na usiongeze tena kwa sababu kila gramu ya ziada inamega tairi na kuongeza msuguano wa ekseli. Kwa mota hii tarajia gramu 150 kama unaanza kupima kwenye nusu ya kasi, na hadi 300 ukitaka grafu tangu chini kabisa. Futa tairi kwa utepe wa kunata kabla ya kila mbio. Kigari kizuiwe kwa ulimi wake wa mbele ndani ya kipande cha mbao chenye mfereji, na ekseli ya nyuma ikae juu ya kilele cha rola hasa, si mbele yake wala nyuma.

Sumaku uliyoilalamikia nayo ina maelezo. Alumini haivutwi na sumaku, ndiyo maana watu huiona salama. Lakini alumini inayopita mbele ya sumaku yenye nguvu huzaa ndani yake mikondo ya umeme, na mikondo hiyo hupinga mwendo. Ulikuwa umejenga breki bila kujua, na mota ilikuwa ikiipikia joto. Rola ya chuma nayo ina mkasa wake. Inaivuta sumaku chini, na mvuto huo hubadilika sana kwa tofauti ndogo ya nafasi, kwa hiyo tairi likipungua kidogo tu kwa kusuguliwa, umebadilisha mzigo. Ndiyo sababu nimekutajia plastiki. Mbao ngumu iliyokerezwa vizuri pia inafaa. Diski ya chuma iwekwe mbali, mwisho wa shafti, na sumaku itolewe kabisa wakati wa kupima.

Asubuhi na jioni kutolingana ni joto na volti. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mota iliyopanda nyuzi 50 imepoteza kama sehemu ya sita ya torki yake ya kusimama kwa hilo peke yake, bado hatujataja sumaku ambazo nazo hulegea kidogo zikipata moto. Weka desturi moja: mbio mbili za kupasha, pumziko la dakika chache, kisha mbio tatu za kuhesabu zenye pumziko lilelile katikati. Adapta za ukutani hushuka volti mota inapovuta, kwa hiyo tumia chanzo kinachoshikilia volti 12 hata kwenye ampea 3, au betri ya gari yenye fyuzi karibu na nguzo yake. Pima volti pale nyuzi za shaba za chini ya kigari zinapogusa. Kwenye nguzo za betri utaona volti nzuri ambazo mota haizioni.

Kabla ya kuziamini namba zako, fanya majaribio mawili. Zungusha rola, nyanyua kigari, uone inavyopungua mwendo peke yake. Upungufu huo ni msuguano wa beringi na hewa, na torki yake unaiongeza kwenye kila matokeo. La pili ni la uzi. Viringisha uzi kwenye rola, ning'iniza gramu 50, uiachie ianguke mita moja. Kama inesha uliyoihesabu ni sahihi na beringi ni nyepesi, itachukua sekunde 2.1. Ikichukua 2.5, ama diski si unene uliodhani ama beringi zinashika. Lisahihishe hilo kwanza.

Usalama nauweka hapa kwa uzito wake. Diski hiyo kwenye mizunguko 2,400 imebeba nishati ya juli 20, sawa na pakiti ya unga ya kilo mbili iliyoanguka kutoka kimo cha mita moja, na ukiweka mota ya 25,000 nishati inakaribia mara mbili. Gundi haifai kuishika kwenye shafti, ishikwe kwa skrubu mbili zilizokaa kwenye ubapa uliochongwa. Iwe ndani ya sanduku la plywood au plastiki nene isiyopasuka, nawe uvae miwani, na watoto wasisimame usawa wa diski.

Kazi moja ningekusihi usiifanye mwenyewe kama huna mashine ya kukereza: kutoboa tundu la katikati la diski. Likikosea hata nusu milimita, kitu kizima kitatetemeka na beringi zitakufa. Miji mingi huko Uingereza ina vyama vya watu wanaotengeneza injini ndogo za mvuke. Wana mashine hizo, na kwa kawaida hufurahi kupata kazi isiyo ya kawaida. Nenda na mchoro, uombe diski na rola vikerezwe vikiwa kwenye shafti moja. Ukiwasha na kuhisi mtetemo unaopanda na kasi, zima na umrudishie mkerezaji. Na kama adapta yako ina harufu ya kuungua au inapiga shoti, usiifungue. Mpelekee fundi umeme au inunuliwe nyingine.

Kuhusu kununua mashine iliyo tayari, sioni haja kwa matumizi yako. Utakacholipia zaidi ni urahisi, kwani kuteleza kwa tairi, joto na volti vitakusumbua vilevile. Ila usitegemee grafu ikutabirie muda wa mzunguko wa njia. Haijui breki ya kidhibiti chako, haijui uzito ulivyogawanyika kwenye kona, na haijui kidole chako. Itakuambia kigari kipi kinasukuma zaidi kwenye mita 2, 3 na 4 kwa sekunde, ambako mashindano yako yanafanyika. Kama kile cha 25,000 kitakuwa juu kwenye kasi zote hizo, mota haina kosa: angalia tairi, na angalia volti kwenye njia ya klabu wakati wenzako nao wamebonyeza. Kama kiko chini, jaribu giya yenye torki zaidi na kasi ndogo, 9 kwa 30 kwa mfano, kabla ya kuitupa mota.

Ukimaliza, nitumie grafu tatu za kila kigari, uzito uliouweka nyuma, na volti ulizosoma chini ya kigari mbio zilipoanza na zilipoisha. Nikiwa navyo hivyo tunaweza kuzungumza giya.